Je, herufi E kwenye rangi ya chakula maana yake nguruwe?

Hapana. Naanza na jibu kwa sababu mwenyewe niliamini kinyume chake kwa miaka mingi. Mara moja, siku mbili kabla ya Ramadhani, tulikuwa tunapika ubuyu wa kuuza nyumbani Ngamiani, Tanga. Sukari imeshachemka, iliki imeshaingia, nikaona kwenye kikopo cha rangi: E124. "Mama mkubwa, hii ina E, ina nguruwe." Kikopo kikaenda jaani. Nikakimbilia dukani nikarudi na rangi nyingine, ghali zaidi, iliyojinadi kuwa ni ya asili. Nayo ilikuwa na E120, kwa maandishi madogo kama chawa, sikuyasoma.

E ni Ulaya tu, basi. Ni orodha ya viongezeo vilivyoruhusiwa huko, na 100 hadi 199 ni rangi. Namba hiyo ni kama namba ya bajaji: inakwambia bajaji ni ipi, haikwambii imebeba nani. E100 ni rangi ya manjano yale yale ya jikoni, ambayo sijaona mtu akiyatupa jaani. E162 ni bitiruti. E102 na ile E124 niliyoitupa huundwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na petroli. Hazina mnyama ndani yake. (Kwamba ni halali si kwamba ni nzuri kwa mtoto: Ulaya tangu 2010 zote mbili hubeba onyo kuhusu utulivu wa watoto.) Nguruwe akiwamo kwenye rangi, mara nyingi ni abiria: jelatini, kwa mfano, hutumika kufunika chembe za E160a (karotini, rangi ya karoti) ili zichanganyike na maji, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe, ya ng'ombe au ya samaki. Namba ya bajaji haisemi.

Sasa E120. Hiyo ni mdudu.

Anaishi juu ya mpungate, hasa Peru, na ukimwona utadhani ni ule utando mweupe kama pamba kwenye majani ya muhogo. Ni jamaa zake. Jike hung'ang'ania pale pale akifyonza maji ya mmea karibu maisha yake yote. Hana mbio wala mwiba, kwa hiyo amejijaza asidi nyekundu isiyopendwa na sisimizi, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake akikaushwa. Kinga yake kwa sisimizi ndiyo imempeleka kwenye maziwa ya mtindi. Huchunwa, hukaushwa, husagwa, huchemshwa. Hapo maji ni mekundu tu, kama maji ya rosela. Kinachoigandisha rangi ni chumvi ya alumini, jamaa ya shabu: hushikana na ile asidi, zikatuama pamoja kama wanga wa muhogo unavyotuama chini ya beseni. Unachuja, unakausha unga.

Kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu pwani, wadudu hawaliwi ila nzige, na kwa msingi huo wengi huiepuka E120. Wamaliki wana nafasi pana zaidi. Kinachoshangaza ni Indonesia, Mashafi kama sisi: mwaka 2011 Baraza la Maulamaa la huko lilitoa fatwa kwamba rangi hii ni halali, mdudu huyu akiwa hana damu itiririkayo, na rangi yake ikiwa na manufaa bila madhara. Hapo muulize shehe wako, si muuza duka.

Na kwenye pakiti usitafute namba tu. E120 huandikwa pia "carmine", "cochineal" au "Natural Red 4". Ila kuna E122, "carmoisine", ambayo ni ya kiwandani na haina mdudu hata mmoja. Majina "carmine" na "carmoisine" yametofautiana kwa herufi tatu katikati. Siku hizi nikienda dukani naazima miwani ya mama mkubwa.