Paa lina mba: sugua kwanza, rangi baadaye

Gari likiingia karakana yangu hapa Ngamiani, mjini Tanga, mara nyingi nayajua maneno ya mwenyewe kabla hajashuka: "Fundi, milango mizima, ubavu mzima, ila paa lina mba." Haongopi: rangi ya paa imefifia au inabanduka. Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi iliyobaki halitoki mbali na hapo. Mlango hupigwa kwa ubavu; paa hupigwa wima mchana kutwa. Mionzi ya jua inavunja ile gundi inayoshika chembe za rangi. Gundi ikifa, chembe zinabaki juu kama vumbi la chaki.

Kabla hujatoa shilingi, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, usugue kwa nguvu palipofifia. Kikitoka na rangi ya gari, shukuru Mungu: rangi yako ni ya tabaka moja, haina kiliya, lile tabaka angavu la kinga, juu yake. Toyota nyingi za zamani zenye rangi nyeupe namba 040 ziko hivyo. Osha, pitisha msasa wa maji namba 2000 taratibu, kisha kompaundi (dawa nzito ya kung'arishia), kisha nta. Ni kazi ya asubuhi moja na bega la kuuma. Tahadhari tu kwenye kingo na mikunjo ya bati. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya chini inayoshika bati), ni maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na pale kwenye kingo huwa nyembamba zaidi. Ukikaza mkono, bati linakuchungulia.

Kitambaa kikitoka safi huku paa lina mabaka yanayobanduka kama ngozi iliyoungua, basi kiliya imekufa, na hiyo haiponi kwa polishi. Utauziwa nta, itang'aa wiki mbili. Waja leo waondoka leo.

Hapo ni kupaka upya, na usikubali kubandika kiraka. Kiliya mpya ikiishia juu ya kiliya mbovu, itaanza kubanduka palepale kwenye ukingo. Piga paa zima, uishie kwenye mifereji miwili ya pembeni, chini ya ule mpira unaoifunika. Rangi ikitofautiana kidogo na ya milango hakuna atakayeona, kwa sababu mwanga unaanguka juu ya paa tofauti na ubavuni. Kazi ngumu iko kwenye nguzo za nyuma, kwa magari ambayo bati la paa linashuka moja kwa moja hadi ubavuni. Pale funika kwa karatasi na uishie pale nguzo ilipo nyembamba kuliko kwingine.

Pesa utaiokoa kwenye msasa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusugua, na kusugua unaweza mwenyewe, kivulini kwako. Osha chumvi ya bahari kwa sabuni na maji baridi, futa mafuta kwa thina kabla ya kusugua, la sivyo msasa utayasukuma ndani ya mikwaruzo. Namba 320 mpaka ukucha usisikie ukingo wa kiliya ya zamani, halafu 600 kwa maji. Bati likionekana, praima siku hiyohiyo. Kwa hewa yetu, bati lililolala uchi huamka na kutu. Mteja akija na paa lililosuguliwa vizuri, mimi nampunguzia bei bila kuombwa.

Kupuliza mwachie mwenye vifaa. Kiliya nzuri huchanganywa na hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu, na hadina ile ina sumu ya mapafu inayoweza kukuachia pumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Ile yenye vichujio vya mkaa ndiyo ya chini kabisa; inayofaa hasa ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Na ukitaka kubana bajeti, usibane kwenye kiliya: ndiyo yenye kinga ya jua. Nusu lita na hadina yake hutosha mikono miwili, yaani kupuliza mara mbili, kwa paa la gari dogo.

Kuna jioni moja ya Mei niliharakishwa na mteja, nikapiga huku mvua imetoka kukatika. Thina ilipokauka ilipoza bati, unyevu ukatua juu ya rangi mbichi, na asubuhi paa la buluu lilikuwa kama limemwagiwa tui. Nilisugua lote upya kwa gharama yangu. Sasa, masika nakataa. Siku nyingine napiga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, bandani, umande umekauka na upepo wa bahari haujaanza kurusha vumbi.

Ule mpira wa mfereji usiurudishe siku hiyohiyo. Kiliya ikiwa bado laini itashika alama yake, na alama hiyo haitoki ila kwa msasa.