Je, wajua kwa nini mepo mwekundu haukai Lamu wala Malindi?

Mpenda bustani yeyote mwenye simu amekwisha kuiona picha yake: mti mfupi, matawi mepesi, jani lenye ncha tano, saba au tisa, na wekundu unaokolea mpaka mtu hudhani picha imetiwa rangi. Huo ni mepo wa Kijapani, ndugu wa ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Wataalamu huuita Acer palmatum, jina alilopewa na Msweden Carl Peter Thunberg mwaka 1784. Kwao ni Japani na Korea, na leo umepamba bustani za Ulaya na Marekani.

Sasa, mwarobaini ulitoka Bara Hindi, bogenvilia ikatoka Amerika Kusini, na zote mbili zimekuwa wenyeji wa Pwani. Mepo umeshindwa na nini?

Ukiuliza, utajibiwa kwamba ni joto. Jibu hilo lina kasoro. Tokyo mwezi wa Agosti hupita nyuzi 30 siku baada ya siku, na hewa yake ni nzito ya unyevu kiasi kwamba mtu wa Malindi hangeona ugeni wowote. Mepo huvumilia hali hiyo, hasa ukiwa na kivuli cha mchana na maji shinani. Unachokikosa kwetu ni baridi inayokuja baada ya joto hilo.

Mepo ni mti unaolala. Kila mwaka hupukutisha majani, ukafunga tumba zake na kukaa kimya miezi kadhaa. Dalili ya kujiandaa huipata kwenye mchana unaofupika. Tokyo, mchana mrefu wa Juni na mfupi wa Desemba hupishana kwa karibu saa tano. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta na Malindi nyuzi tatu, kwa hiyo tofauti yetu ya mwaka mzima haifiki hata nusu saa. Ndiyo maana adhana ya magharibi haihami sana. Mti uliozoea kuusoma mwaka kwa urefu wa mchana, hapa hauna cha kusoma.

Halafu kuna kuamka. Tumba zilizolala hazifunguki kwa sababu tu jua limewaka. Lazima kwanza zipitie majuma mengi ya baridi ya kweli, ile iliyo karibu na nyuzi sifuri hadi saba, ndipo kizuizi kilichomo ndani yake kiondoke. Kipupwe chetu cha Julai, upepo wa kusi ukivuma na wazee wakijifunika shuka, ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa mepo hiyo si baridi. Matokeo yake huchipua kwa kusuasua, tawi hili lina majani na lile halina, na kila mwaka akiba yake ya sukari hupungua. Usiku wa joto nao huongeza hasara, kwa kuwa mti hupumua usiku kucha, na kadiri kulivyo na joto ndivyo unavyoteketeza sukari iliyotengenezwa mchana. Kwa hiyo haufi kwa kishindo. Hudhoofika polepole, na mwenyewe akadhani ni maji kidogo, akaongeza maji, mizizi ikaoza.

Na ule wekundu je? Nao unatokana na baridi hiyo hiyo. Jani la kijani lina klorofili, yaani ile rangi yake ya kijani, na ndani ya jani mna naitrojeni, kirutubisho ambacho mti hautaki kukipoteza. Kabla ya kuangusha majani, mepo huivunja klorofili na kuirudisha naitrojeni kwenye matawi, kama mpangaji anayehama nyumba na kubeba hata balbu. Rangi ya manjano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ikifunikwa na kijani. Nyekundu ni kitu kingine: hutengenezwa upya wakati huo kutokana na sukari iliyobaki, nayo huitwa anthosianini. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hulikinga jani na jua kali wakati kazi ya kuhamisha ikiendelea. Siku zenye jua na usiku wa baridi huikoleza. Hata aina kama Bloodgood, ambazo huwa nyekundu tangu zinapochipua, huchujuka na kuelekea kijani au kahawia penye joto kali. Kwa hiyo hata ukiuhifadhi hai Malindi, ile rangi uliyoipenda pichani usingeipata.

Tuseme baridi isingekuwa tatizo. Bado kuna udongo na upepo. Mepo hupenda udongo wenye asidi kidogo, uliojaa mboji na usiotuamisha maji. Ardhi ya Lamu ni mchanga na mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu, ambayo huzuia mti kupata madini ya chuma; majani hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Kumwagilia maji ya kisima yenye chumvi huzidisha ubaya. Na jani la mepo ni jembamba mno: upepo mkavu huliunguza kingoni, sembuse kaskazi inayobeba chumvi ya bahari.

Kuna wauzaji mtandaoni wanaouza mbegu, wengine hata za “mepo wa buluu”. Mepo wa buluu haupo duniani, na aina zile maarufu hazitoki kwenye mbegu zikafanana na mama. Huzalishwa kwa kupandikiza kikonyo, yaani kijitawi cha mti mama, juu ya shina jingine. Mbegu za kawaida nazo hazioti zikizikwa tu mchangani. Huhitaji kukaa kwenye mchanga mbichi ndani ya friji kwa takriban miezi mitatu. Wapo wafugaji wa miti midogo ya vyunguni, katika nchi za joto, ambao huuweka mti mzima kwenye friji kila mwaka ili ulale. Inawezekana. Lakini mtu huyo atamweleza mkewe kwamba samaki waupishe mti, na bili ya umeme aijue yeye. Tena mbegu au mche kutoka ng'ambo huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka.

Cha kuchekesha ni kwamba anayetafuta majani mekundu Lamu hana haja ya kwenda mbali. Mkungu, ambao wengine huuita mbedamu, hugeuka rangi ya chungwa kisha nyekundu iliyoiva kabla ya kupukutika. Hauongozwi na baridi, huongozwa na ukavu, na mahali pengine hufanya hivyo hata mara mbili kwa mwaka. Anthosianini ni ile ile. Chumvi hauiogopi: kungu huelea baharini na kuota ufukweni zinapotupwa, na watoto huzivunja kwa mawe wale kiini.

Ila uupande nje, mbali na ukuta. Mkungu hupanua matawi yake kwa ngazi kama miavuli iliyopangwa, hufika mita 25 au zaidi, na majani yake mapana yataziba mifereji ya paa na kuingia kwenye birika la kuhifadhia maji. Kwa kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba ya mawe, ambamo jua huingia kwa saa chache, krotoni ndani ya mtungi inatosha: ina wekundu wa mwaka mzima, haihitaji kulala, na ukiweka mboji na matandazo juu ya udongo itakusamehe hata ukisahau kuimwagilia siku mbili tatu.