Kabla hujabeba boksi la vitabu kuja maktaba ya chuo

Watu wa nje wanaofika kaunta ya maktaba ya chuo kikuu wengi wao wana shida moja kati ya mbili: kuna anayetaka kuingia asome ingawa si mwanachuo, na kuna familia inayotaka kutoa vitabu vya marehemu. Wote wanaweza kuhudumiwa vizuri, ila wengi hurudishwa kwa sababu ya jambo ambalo lingemalizwa nyumbani. Ninayoeleza hapa ni ya vyuo vikuu vya umma vya Tanzania. Ada na saa hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo piga simu kwanza.

Nianze na msomaji mgeni. Njoo na kitambulisho chenye picha (cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva) pamoja na barua ya utambulisho yenye tarehe, muhuri, jina lako kamili, mada unayofuatilia na muda unaohitaji. Barua isemayo tu "apewe ushirikiano" haimsaidii mkutubi, kwani haoni akupeleke chumba gani. Mtafiti wa kigeni anayetaka nyaraka za makusanyo maalumu ajiandae kuulizwa kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), si mkononi, na risiti ndiyo inayokupa kadi ya mgeni. Begi linabaki kaunta ya mizigo. Simu, pochi na kompyuta ingia navyo, kwa sababu vikipotea kule hakuna atakayevilipa. Wiki za mitihani usije bila kuuliza. Viti huwa vya kugombania, na mgeni ndiye wa kwanza kuzuiwa.

Tafuta vitabu kwenye katalogi ya mtandaoni ungali nyumbani, uandike namba zake za rafu. Katika maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani), fasihi ya Kiswahili iko PL8704; ukifika na namba hiyo unakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Mgeni hasomi akiwa nyumbani, maana haazimi. Kutoa kopi anaruhusiwa, lakini kwa kiasi: sura moja, au kama asilimia 10 ya kitabu, ndicho kipimo kinachotumika sana.

Linaloleta ugomvi zaidi ni majarida ya kielektroniki. Mikataba mingi na wachapishaji inamruhusu mgeni kuyasoma akiwa ndani, kwenye kompyuta za maktaba, na si kwa kupewa nywila. Mwanafunzi akikuazima yake nawe ukapakua makala mamia kwa mkupuo, mtambo wa mchapishaji unaweza kuifunga anwani ya mtandao ya chuo kizima, na siku hiyo hata profesa hasomi kitu.

Sasa vitabu vya kutoa. Kitabu cha bure kinaigharimu maktaba: lazima kikaguliwe, kilinganishwe na vilivyopo, kiainishwe, kipigwe muhuri, kibandikwe lebo na kipewe nafasi ya rafu ambayo haiongezeki. Ndiyo maana mkutubi anaomba orodha kabla ya kuona boksi. Andika mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, toleo na hali yake. Vikiwa vingi, visimamishe mezani upige picha migongo yake, vitabu 20 au 30 kwa picha moja, herufi zisomeke.

Vitakavyokataliwa vinajulikana mapema. Vitabu vya kiada vya tiba, sheria au kompyuta vilivyopitwa na matoleo mapya. Kopi za kitabu kizima zilizofungwa kwa springi. Ensaiklopidia pungufu. Chenye muhuri wa maktaba nyingine bila alama kwamba kiliondolewa rasmi, maana hicho bado ni mali yao.

Wakati huohuo familia inakuwa imeshachoma kile ambacho sisi wakutubi tungekipigania. Sheria inawataka wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu vyao, lakini kijitabu cha semina ya kata, kumbukumbu za vikao vya chama cha msingi cha ushirika, ratiba ya mkutano wa TANU, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu au gazeti la Ngurumo la miaka ya 1960 huenda havikuwahi kufika maktaba yoyote. Mkusanyo wa East Africana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo makao ya vitu vya namna hii. Kwangu mimi, bahasha moja ya kumbukumbu za ushirika ina uzito kuliko maboksi kumi ya vitabu vya uchumi vilivyochapwa ng'ambo. Usizipange upya, usizitie plastiki ya moto, usizibandike selotepu: gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Acha mpangilio aliouacha mwenyewe.

Kagua wadudu na ukungu. Unga laini kwenye mshono na vitundu vya mviringo ni dalili ya wadudu. Madoa yenye manyoya na harufu ya unyevu ni ukungu, ambao hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65, yaani hali ya kawaida ya pwani. Wadudu huuawa kwa kufunga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukigandisha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha kuuacha mfuko umefungwa saa 24 nje ya friza ili jasho la baridi lisilowanishe kurasa. Ukungu haufi kwa baridi, unalala tu. Vyenye ukungu vitenge, na usivilete bila kusema.

Boksi la karatasi za A4 la rimu 5 linatosha. Likijaa huwa kilo 12 hivi na mtu mmoja analibeba. Laza vitabu, au visimamishe mgongo ukiwa chini. Ukivigeuza mgongo juu, kurasa huning'inia na kuchomoka kwenye jalada.

Mali ya marehemu husainiwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa ndiye aliyekaa na vitabu. Bila hivyo ndugu mwingine anaweza kuja mwakani kuvidai, na maktaba haina pa kusimama. Hati ya zawadi isome yote. Inahamisha umiliki wa karatasi. Hakimiliki ya barua na miswada aliyoandika marehemu hubaki kwa warithi mpaka waandike waziwazi kwamba nayo wanaihamisha. Barua zikiwataja watu walio hai, unaweza kuomba zifungwe kwa miaka mtakayokubaliana. Masharti ya "vikae pamoja kwenye kabati lenye jina la baba" hukubaliwa kwa nadra, ila kibandiko cha jina ndani ya jalada ni rahisi kupatikana.

Jaza pia kipengele cha visivyohitajika: virudishwe, vipelekwe shule au maktaba ya mkoa, au viuzwe. Ukikiacha wazi, maktaba ndiyo itakayoamua.