Beki Anaondoka, Haondoki: Maneno ya Kijiweni na Yaliyomo Kwenye Mkataba

Pita kwenye meza yoyote ya magazeti asubuhi, iwe Kariakoo, Mwenge au Mbagala Rangi Tatu, utawakuta wanaume wamesimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bila kununua gazeti. Siku kichwa kikisema beki fulani "agomea mkataba mpya", kambi mbili zinazaliwa hapohapo. Mmoja atasema, "Yule kashaondoka zamani, tuna mwili wake tu." Wa pili atamjibu, "Kaka, acha uzushi, yule wetu wa damu." Mzee aliyekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa ataamua kesi kwa kumsoma beki uso: mechi iliyopita hakushangilia bao, kwa hiyo anaondoka.

Hapo ndipo tunapokosea wengi. Tunausoma moyo wa mchezaji kwenye uso wake, na jibu limeandikwa mahali pengine kabisa: tarehe ya mwisho ya mkataba. Nitazipitia dhana ninazozisikia zaidi mjini hapa kila dirisha la usajili, yaani kipindi cha klabu kusajili wachezaji, linapokaribia. Nyingine zinahitaji maelezo marefu, nyingine hata hazistahili.

"Ana mkataba, kwa hiyo hawezi kuongea na mtu."

Kanuni za FIFA, shirikisho la soka la dunia, za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba iijulishe kwanza klabu yake kwa maandishi, ndipo ianze mazungumzo naye. Mpaka hapo mwenye dhana hii yuko sahihi. Ila kanuni hiyohiyo inaongeza jambo linalosahaulika: mkataba ukibakiza miezi sita au pungufu, mchezaji ana haki ya kusaini kwingine, na klabu yake haina namna ya kumzuia.

Mikataba mingi ya huku kwetu hupangwa iishe msimu unapomalizika. Hesabu nyuma miezi sita, unaangukia kwenye dirisha dogo, lile la katikati ya msimu. Ndiyo maana tetesi za Januari huwa na moto kuliko za Oktoba. Beki ambaye mkataba wake unaisha Juni anaweza kuwa ameshasaini kwingine tangu mwanzo wa mwaka, na Jumamosi bado ukamwona pale kwa Mkapa anauwahi kwa kichwa mpira wa kona uliokuwa unaelekea kwenye nyavu. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila shida yoyote.

Mfano mkubwa wa karibuni kila mtu anaujua. Mohamed Hussein, ambaye wengine wanamwita Zimbwe Jr na wengine Tshabalala, alitua Msimbazi, yaani Simba, mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar. Alicheza namba tatu, beki wa kushoto, kwa miaka 11, akavaa kitambaa cha unahodha, na mwaka 2025 mkataba ulipokwisha akavuka kwenda Yanga. Kuna waliosema Simba ilipaswa kulipwa. Ilipwe kwa lipi? Mkataba ukishafika mwisho mchezaji ni huru, na ada ya kumnunua haipo. Ulaya jambo hili liliamuliwa mahakamani tarehe 15 Desemba 1995, kwenye kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, na leo kanuni za dunia nzima zinalifuata. Klabu isiyotaka kumpoteza nahodha bure inamalizana naye mkataba ukiwa bado na mwaka mzima. Ikisubiri miezi ya mwisho, mwenye turufu ni mchezaji.

"Akirudisha hela anaondoka zake."

Dhana hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na ajabu ni kwamba mtu huyohuyo huzishika zote mbili kutegemea mchezaji anayezungumziwa anatoka klabu gani.

Kesi iliyotusomesha wote haikuwa ya beki, ilikuwa ya kiungo. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga, akaweka fedha kwenye akaunti ya klabu akiamini kwamba amevunja mkataba. Vijiwe vilimaliza kesi siku hiyohiyo: Fei kaondoka. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema hapana, bado ni mchezaji halali wa Yanga. Kijana akakaa nje ya uwanja miezi kadhaa, mpaka suala likamfikia Rais Samia, aliyewaomba viongozi wa Yanga walimalize. Juni 2023 Yanga ikamuuza kwa Azam FC. Yaani mwisho wa yote aliondoka kwa njia ya kawaida kabisa: klabu mbili zimekaa, zimekubaliana.

FIFA ina kitu inachokiita kipindi cha ulinzi wa mkataba. Aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 analindwa, au tuseme anafungwa, kwa miaka mitatu ya kwanza. Aliyesaini baada ya umri huo ni miaka miwili. Ukivunja mkataba ndani ya kipindi hicho bila sababu ya haki, utalipa fidia na unaweza kufungiwa kucheza miezi minne. Kwa hiyo unapomsikia mtu anasema beki wenu "anavunja mkataba kesho", muulize alisaini lini na alikuwa na umri gani. Akishindwa kujibu, mwachie kahawa yake.

Kuna wanaodai siku hizi mikataba haina nguvu tena kwa sababu ya "kesi ya Diarra". Kwanza, huyo ni Lassana Diarra, kiungo wa zamani wa Ufaransa. Djigui wa golini Yanga hahusiki. Pili, mahakama ya Umoja wa Ulaya, Oktoba 2024, ilikosoa jinsi FIFA inavyopiga hesabu ya fidia na kuibebesha klabu mpya deni. Haikusema mtu asaini leo aondoke kesho.

"Kiwango kimeshuka makusudi, kashachukua hela za watu."

Dhana hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inagusa jina la mtu, na mabeki ndio wanaoibeba zaidi.

Liangalie bao lenyewe linavyofungwa. Timu inashambulia. Namba mbili, beki wa kulia, yuko juu kabisa karibu na kibendera cha kona, namba sita, kiungo mkabaji, amepanda akitafuta mpira wa pili. Pasi inanaswa katikati ya uwanja. Sasa beki wa kati amebaki na washambuliaji wawili na uwanja mtupu nyuma yake. Akimfuata mwenye mpira, anamwacha wa pili peke yake. Akirudi nyuma kusubiri msaada, anampa mwenye mpira nafasi ya kupiga. Anasita nusu sekunde, bao. Marudio yanapokuja kwenye televisheni, picha inamwonesha yeye tu, anakimbia nyuma ya mfungaji huku mkono umeinuliwa akiomba kuotea. Aliyepoteza pasi hayumo kwenye picha. Namba sita hayumo. Kibanda umiza cha Manzese kinalipuka: "Mmeona? Huyo si wetu tena!"

Mshambuliaji akikosa mabao matatu ya wazi tunasema hana bahati, au tunatania kwamba akaoge maji ya chumvi. Beki akikosea mara moja tunamtafutia aliyemtuma. Kazi yake imekaa vibaya hivyo: anapookoa mara 20 hakuna anayehesabu, maana hakuna kilichotokea.

Halafu fikiria masilahi yake mwenyewe. Mchezaji anayetaka kuondoka anahitaji nani amtazame? Klabu inayomtaka. Inatazama nini? Mechi zake za sasa. Aliyebakiza miezi sita kwenye mkataba ana sababu nyingi za kucheza vizuri kuliko aliyesaini miaka mitatu jana na kuweka dau lake la usajili mfukoni. Ukiniambia beki amelegea baada ya kusaini upya, nitakusikiliza. Ukiniambia anaharibu ili aondoke, basi anaharibu bidhaa yake mwenyewe kabla haijafika sokoni.

Na neno "kauza mechi" tunalitoa kirahisi mno. Kwa kanuni za nidhamu za FIFA, kupanga matokeo ni kosa la kufungiwa miaka isiyopungua mitano. Kwa beki wa miaka 29 hiyo ni kazi yote imekwisha. Mwenye ushahidi aupeleke TFF. Asiye nao ana hasira za kufungwa, na hasira za kufungwa sote tunazo.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya "anajifanya mgonjwa". Misuli ya nyuma ya paja haioneshi damu wala bandeji, mtu anatembea vizuri tu, anaonekana mjini anakula chipsi. Kutembea na kukimbia kwa kasi yote mita 30 ukigeuka ghafla ni mambo mawili tofauti, na ukimrudisha haraka anaumia tena palepale.

"Kafuta picha za klabu mtandaoni."

Tusipoteze muda hapa. Kurasa za wachezaji wengi zinaendeshwa na watu wengine, na kufuta picha wakati wa mazungumzo ni kumtisha kiongozi ili aongeze dau. Wiki mbili baadaye anasaini, picha zinarudi, na aliyechoma jezi anatafuta nyingine pale Kariakoo.

"Analalamikia mshahara, maana yake anataka kuondoka."

Anayedai mshahara anataka mshahara. Hebu mtu ajiulize kama bosi wake akimkalia miezi miwili, yeye atakaa kimya kwa mapenzi ya kampuni?

Lakini hapa kuna kanuni ambayo viongozi wanapaswa kuiogopa kuliko mashabiki. Klabu ikishindwa bila haki kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia barua ya kuidai na kuipa angalau siku 15. Siku zikipita bila malipo, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Anaondoka huru na bado anadai. Ziko klabu za Ligi Kuu zilizofungiwa kusajili na FIFA kwa madeni ya namna hii, na shabiki akagundua siku ya dirisha kwamba timu yake haiwezi kuingiza hata mtu mmoja. Kwa hiyo ukisikia beki ameandika barua, uliza barua hiyo inasema nini. Ya kudai haki zake na ya kuomba kuondoka ni barua mbili tofauti, ingawa gazetini zote zinaandikwa "aandika barua nzito".

"Aliyeondoka ndiye aliyetaka kuondoka."

Kwa wachezaji wa kigeni hasa, hili si la kuaminiwa haraka. Klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa wageni 12. Kocha mpya akija na majina yake mawili, wawili wa zamani lazima wapishe. Klabu inamfungulia mlango, inampa ile "thank you" yake, ujumbe wa kumuaga, kwenye mitandao, na mtaani tunasema kakimbia.

Upande wa pili ni soko lenyewe. Henock Inonga, beki Mkongo aliyekuwa kipenzi cha Simba, alikwenda AS FAR ya Rabat mwaka 2024. Mwaka uliofuata Che Malone Fondoh naye akatoka Simba kwenda USM Alger. Mabeki wawili wa kati, misimu miwili mfululizo, wote kuelekea kaskazini mwa Afrika. Huhitaji chuki yoyote kulieleza hilo. Timu yako ikifika mbali kwenye michuano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, mabeki wako wanaonekana na watu wenye mfuko mpana kuliko wako. Mchezaji anaweza kuipenda klabu, kuupenda mji, kuwa na mtoto anayesoma hapa Dar, na bado akakubali ofa hiyo, kwa sababu miguu yake ina miaka kumi tu ya kulipwa vizuri.

"Kuvuka Jangwani kwenda Msimbazi, au kurudi, ni usaliti."

Yaani kutoka Yanga kwenda Simba. Basi usaliti ni mila ya mji huu. Kelvin Yondani alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2012. Bernard Morrison alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020, kesi ikafika mpaka mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS, na Yanga ikashindwa. Clatous Chama alivuka mwaka 2024, Zimbwe mwaka 2025. Kila mara upande mmoja unalia usaliti na mwingine unaimba "karibu nyumbani", na mwaka unaofuata wanabadilishana nyimbo.

Limebaki swali ambalo vijana huniuliza: sasa tutajuaje kama kweli anaondoka? Taarifa ya klabu kwamba "bado ni mchezaji wetu" inaeleza leo tu, haina habari ya Julai. Picha ya uwanja wa ndege nayo haitoshi. Anayekwenda nje ya nchi hajaondoka mpaka TFF itoe hati ya uhamisho wa kimataifa na klabu mpya imsajili kupitia mfumo wa FIFA. Kabla ya hapo anaweza kuwa amevaa skafu ya watu, amepiga picha na rais wao, na hana leseni ya kuwachezea hata dakika moja. Na mezani kwa kahawa beki mmoja anaweza kuhamishwa mara nne asubuhi moja, ilhali kanuni zinamruhusu kusajiliwa na klabu tatu tu kwa msimu mzima, tena kwa kawaida azichezee mbili.