Kasuku mzima, kunguru mzima, na dawa inayogoma

Hapa Tanga wenye ndege huniuliza: "Daktari, kasuku wangu anakula, anapiga mluzi, manyoya yanang'aa. Wamtilia shaka gani?" Simtilii shaka ya ugonjwa. Nawaza alichobeba tumboni.

Utumbo wa ndege una mamilioni ya bakteria, akiwemo E. coli, na wengi hawamdhuru. Baadhi ni sugu kwa dawa: hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini, au huisukuma dawa nje ya seli kabla haijafanya kazi. Mara nyingi ujanja huo hukaa kwenye kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasimidi, na bakteria mmoja humgawia mwenzake, hata wa aina nyingine. E. coli wa kasuku asiyeumwa anaweza kumpa ujanja huo Salmonella, bakteria anayeumiza watu.

Ndege wanaoagizwa kwa ajili ya bustani za wanyama huwekwa karantini kwanza. Huko hutafutwa hasa mafua ya ndege na mdondo, ugonjwa unaoua kuku. Bakteria sugu aliyetulia haonekani mpaka kinyesi kioteshwe maabara kwa makusudi. Tena karantini yenyewe yaweza kumzidisha. Marekani, kwa miaka mingi, kasuku walioingizwa nchini walilishwa chakula chenye antibayotiki iitwayo klotetrasaiklini kwa siku 30, kuzuia homa ya kasuku ambayo humpata na binadamu. Nia ilikuwa njema. Lakini dawa huua bakteria dhaifu, sugu akabaki na uwanja peke yake.

Sisi tunayafanya hayo hayo bila kuagiza ndege ng'ambo. Vifaranga wakiletwa tu, mtu anakoroga antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji, eti kinga. Mdondo ukiingia bandani, anaongeza kijiko. Mdondo ni virusi, antibayotiki haiugusi. Kinga yake ni chanjo, ile ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Na oksitetrasaiklini ni ndugu wa doksisaiklini unayoandikiwa wewe hospitalini. Bakteria akiizoea moja, nyingine nayo mara nyingi hugoma.

Halafu kuna kunguru wa India, naye mgeni wa kuletwa: alifikishwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka. Matumbo ya kuku yakitupwa wazi nyuma ya machinjio, atakula pamoja na bakteria sugu waliomo, kisha atatua na kunya kwenye bati linalokinga maji yako ya mvua. Fukieni matumbo hayo.

Mwenye kasuku namwambia hivi: tundu lioshwe nje, si kwenye sinki la vyombo, mikono ioshwe kwa sabuni, watoto wasimlishe mdomo kwa mdomo. Akiugua, usimpe kidonge kilichobaki kabatini. Mlete na kinyesi chake cha asubuhi, tukioteshe kwanza, tujue dawa ipi bado inafanya kazi.