Exchange: kabla ya kurejesha hifadhidata, tafuta logi

Nikiitwa mahali ambapo barua pepe za Exchange, programu ya seva ya barua pepe ya Microsoft, zimesimama, swali langu la kwanza halihusu faili la .edb, yaani hifadhidata yenyewe inayobeba masanduku ya barua. Nauliza logi, yaani mafaili yanayoandika kila badiliko, ziko wapi, na kama kuna mtu amezifuta.

Barua ikiingia kwenye seva ya Exchange, badiliko huandikwa kwanza kwenye faili la logi lenye ukubwa wa MB 1, ndipo baadaye lihamie kwenye hifadhidata. Maana yake, seva ikiwa kazini, .edb huwa nyuma ya logi zake. Ukiirejesha peke yake, mara nyingi itagoma kufunguka.

Tuseme nakala kamili ilichukuliwa Jumapili saa 2 usiku, na Jumatano saa 6 mchana diski ya hifadhidata ikafa. Kama logi zinakaa kwenye diski nyingine, unarejesha nakala ya Jumapili, logi za tangu siku hiyo zinasomwa juu yake, na watu wanapata barua zao hadi dakika za mwisho. Kama mtu aliwasha logi za mzunguko (circular logging), ambapo logi za zamani hufutwa bila kusubiri nakala, ili kuokoa nafasi, utaishia Jumapili. Kwa seva iliyo peke yake, isiyo na seva nyingine yenye nakala ya hifadhidata hiyo, mpangilio huo siukubali kabisa.

Nafasi huokolewa kwa kuchukua nakala. Programu inayoijua Exchange, inayopitia VSS (huduma ya Windows ya kunakili mafaili yakiwa yanatumika), ikimaliza nakala kamili, logi zisizohitajika tena hufutwa zenyewe. Nakala zisipofanyika, diski hujaa na hifadhidata hujifunga. Hapo ndipo watu huanza kufuta kwa mkono wakianzia logi za zamani, na barua za wenzao zinaenda na maji.

Hifadhidata ikikataa kufunguka, isome kwanza kwa eseutil, zana ya Exchange ya kukagua na kutengeneza hifadhidata:

eseutil /mh Barua01.edb

Tafuta mstari wa State. Ukisema Clean Shutdown (ilifungwa vizuri), hifadhidata haidai logi yoyote. Ukisema Dirty Shutdown (haikufungwa vizuri), angalia Log Required, yaani logi inazozidai. Tuseme pameandikwa 1234-1240 (0x4d2-0x4d8): unatakiwa kuwa na mafaili kuanzia E00000004D2.log hadi E00000004D8.log, bila pengo. La mwisho laweza bado kuitwa E00.log. Yakiwepo yote, eseutil /r E00 huzisoma logi hizo juu ya hifadhidata na kwa kawaida huifikisha Clean Shutdown.

Naomba sana, usikimbilie eseutil /p, amri ya kutengeneza hifadhidata kwa nguvu. Kurasa isizoweza kuzisoma huzitupa, pamoja na barua zilizomo. Nakili kwanza .edb na logi zote mahali pengine, tafuta nakala rudufu, ulizia logi zilizohamishwa. Ikibidi kuitumia, masanduku yote yahamishiwe kwenye hifadhidata mpya baada ya hapo.

Mara nyingi anayehitaji msaada ni mtu mmoja tu, labda mhasibu aliyefuta folda nzima. Usiguse hifadhidata inayofanya kazi. Tengeneza hifadhidata ya urejeshaji, ya pembeni, kwa amri ya PowerShell ya Exchange New-MailboxDatabase -Recovery, weka humo mafaili ya nakala, yafikishe Clean Shutdown, kisha iwashe kwa Mount-Database. Watumiaji hawawezi kuingia humo, kwa hiyo ofisi inaendelea na kazi. New-MailboxRestoreRequest ndiyo itakayomrudishia mhasibu barua zake.

Njia hiyohiyo ndiyo ninayotumia kujaribu nakala za wateja: nachagua sanduku moja, nalirejesha, kisha mwenyewe anafungua barua ya tarehe anayoikumbuka na kiambatisho chake.