Saa za Baada ya Masomo katika Shule za Bweni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mwanafunzi wa kutwa akishasikia kengele ya kipindi cha mwisho hurudi nyumbani, na huko hukuta ndugu wa kutaniana nao, kazi za mikono za kusaidia, na watu wazima wanaomthamini bila kuuliza alipata alama ngapi. Mwanafunzi wa bweni hana pa kurudi. Kengele ileile humwacha palepale alipo, na saa zilizopo kati ya kipindi cha mwisho na kuzimwa kwa taa ndizo nyumbani kwake. Naanza na jambo hili kwa sababu karibu kila dhana potofu kuhusu michezo, vyama na shughuli nyingine za jioni katika shule za bweni hutokana na kulisahau. Wapo wanaoziona saa hizo kuwa ziada ya masomo inayoweza kukatwa wakati wowote, na wapo wanaoziona kuwa pengo la hatari linalopaswa kuzibwa kwa ratiba.

“Michezo na vyama hula muda wa masomo”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Tuchukue siku ya mwanafunzi wa miaka 15. Tumpe saa 9 za kulala, saa 7 za vipindi darasani, saa 2 za kujisomea jioni, na saa 3 za kula, kuoga, kufua na kufanya usafi wa bweni. Jumla ni saa 21, kwa hiyo zinabaki 3 ambazo hazijagusa masomo wala usingizi. Shule inayosema haina nafasi ya shughuli za jioni kwa kawaida imekwisha kuzigeuza saa hizo kuwa vipindi vya ziada, na mara nyingi haiishii hapo, bali huingia hata katika saa za kulala kwa kuwaamsha wanafunzi alfajiri na kuwachelewesha usiku. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2016, walipendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kila siku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Anayetaka kujua ni nini hasa kinachoyala masomo na aanze kwa kuhesabu usingizi uliokatwa, kabla ya kuulaumu mpira.

Nimewahi kuwa mlezi wa bweni, na usiku mmoja katika majira ya mitihani nilikuwa nikipita kati ya madawati wakati wa kujisomea. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameinamia daftari la biolojia, akipiga mstari chini ya sentensi aliyokwisha kuipigia mstari, mara ya tatu au ya nne, hata wino ulikuwa umepenya hadi ukurasa wa pili. Nilipomwomba alifunge daftari anieleze alichosoma, alinitazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, na sentensi ile hakuikumbuka. Wakati huo michezo yote ilikuwa imesimamishwa kwa wiki kadhaa ili wanafunzi wapate muda wa kusoma. Muda aliupata, lakini nguvu ya kuutumia hakuwa nayo.

Elimu ya kumbukumbu inaeleza sehemu ya jambo hili. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, aligundua kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyofanywa siku moja, na utafiti wa baadaye umezidi kuthibitisha kanuni hiyo ya kuachanisha marudio. Kurundika saa za kusoma, basi, si njia ya uhakika ya kuongeza kinachobaki kichwani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya mwili ya nguvu ya wastani hadi kubwa, na linataja miongoni mwa manufaa yake utendaji bora wa akili na matokeo mazuri ya masomo.

Ni kweli kwamba shughuli inaweza kudhuru masomo. Kwaya inayofanya mazoezi hadi usiku wa manane kwa ajili ya tamasha, au timu inayosafiri kila mwisho wa wiki, huwachosha wanafunzi sawasawa na vipindi vya ziada vilivyopitiliza. Dawa yake ni kuiwekea shughuli saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kuiheshimu ile ya kumaliza hata kama wimbo haujaiva.

Kutokana na dhana hiyohiyo huzaliwa adhabu ninayoiona kuwa ya kikatili bila mwenye kuitoa kukusudia, yaani kumwondoa mwanafunzi katika chama chake kwa sababu alama zimeshuka. Kwa mwanafunzi wa kutwa adhabu hiyo inauma, lakini jioni bado ana nyumbani. Mwanafunzi wa bweni anayeshindwa darasani mchana kutwa, kisha akazuiwa kwenda kwenye bustani au jukwaa la maigizo ambako anajulikana kwa jambo analoliweza, anabaki bila mahali popote pa kusimama wima. Akihitaji msaada wa hisabati na apewe katika saa za kujisomea, na chama chake kiachwe.

“Kila dakika ijazwe, la sivyo wataharibikiwa”

Walezi wengi hufika hapa baada ya kukubali kwamba shughuli zina faida. Wanaona kwamba mwanafunzi mgeni anayelia usiku kwa kuikumbuka familia hupata nafuu akipewa jambo la kufanya, na katika hilo hawakukosea. Wiki za kwanza ni za hatari kwa mtoto anayekaa ukingoni mwa kitanda akitazama mlango, na mwenzake anayemwambia “twende tukashike kamba uwanjani” humsaidia kuliko nasaha ndefu. Kosa ni kuifanya dawa ya wiki za kwanza kuwa chakula cha mwaka mzima.

Mwanafunzi wa bweni huamka katika chumba chenye watu, hula katika ukumbi wenye watu, husoma katika darasa lenye watu na kulala palepale alipoamkia. Mtu anayeishi hivyo huhitaji nusu saa ya kuandika barua, kusoma kitabu kisichokuwamo katika mtaala, au kukaa chini ya mti na rafiki mmoja bila kuitwa na filimbi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 31, unataja haki ya kupumzika na kuwa na muda huru pamoja na haki ya kucheza na kujiburudisha, na kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa maelezo marefu juu ya kifungu hicho mwaka 2013, ikieleza kwamba mchezo wa mtoto ni ule anaouanzisha na kuuongoza yeye mwenyewe. Shughuli inayosimamiwa na mwalimu kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho inaweza kuwa nzuri sana, ila haichukui nafasi ya mchezo wa namna hiyo.

Hofu ya kwamba wakati usiopangwa huzaa uonevu na utoro ina msingi, lakini kinachozuia mambo hayo ni kuwapo kwa mtu mzima anayeonekana na anayefikika. Mlezi anayetembea polepole kati ya bweni na uwanja akisalimia, bila kumwamrisha mtu, hulinda wengi kuliko ratiba ndefu iliyobandikwa ukutani na kuachiwa viranja.

“Shughuli ni za wenye vipaji”

Hakuna mwenye shule anayeitamka dhana hii waziwazi, ila ratiba yenyewe huitamka. Usaili wa timu hufanywa siku moja, wachezaji kumi na wachache huchaguliwa, na mamia waliobaki huitwa mashabiki kwa miaka yote watakayokaa hapo. Uwanja ni mmoja, timu ya shule inautumia kila jioni, na waliobaki huzunguka mabweni hadi kengele ya chakula. Baadaye huambiwa kwamba hawapendi michezo.

Shule ya bweni ina nafasi ambayo shule ya kutwa haina, kwa kuwa wanafunzi wake wote wapo hapohapo jioni na mabweni tayari ni makundi yanayofahamiana. Mashindano ya bweni kwa bweni, yenye timu ya kwanza, ya pili na hata ya tatu, huwaingiza uwanjani watu ambao usaili ungewatupa nje. Zaidi ya hapo, kila shughuli ina kazi zisizohitaji miguu mepesi wala sauti nyororo. Mchezo wa kuigiza unamtaka mtu wa mapazia, wa taa na wa mavazi, mpira unamtaka mwamuzi, mweka kumbukumbu na aliyefundishwa huduma ya kwanza, na gazeti la ukutani linamtaka msanifu kama linavyomtaka mwandishi. Mwanafunzi anayeshika daftari la matokeo kwa uaminifu muhula mzima ameshiriki kikamilifu, na jina lake linastahili kusomwa pamoja na ya wachezaji.

“Aliyeonyesha kipaji abaki na jambo moja tu”

Kwa mwenye kipaji hatari hugeuka, naye hufungiwa katika mchezo mmoja angali mdogo. Taasisi ya madaktari wa watoto ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2016, ilishauri kwamba kwa michezo mingi ni vyema kuchelewesha kujikita katika mchezo mmoja hadi karibu miaka 15 au 16, kwamba kijana apumzike mchezo wake siku 1 au 2 kila wiki, na kwamba kwa mwaka apate jumla ya miezi 3 ya kuwa mbali nao, ikigawanywa mwezi mmoja mmoja, ili kupunguza majeraha ya kutumia viungo kupita kiasi na kuchoka moyo. Katika shule ya bweni ushauri huu una uzito wa pekee, kwa kuwa kocha anaishi palepale, uwanja upo hatua chache kutoka bwenini, na hakuna safari ya kurudi nyumbani inayokomesha mazoezi. Asipokuwapo mtu wa kusema “leo pumzika”, kijana mwenye bidii hatasema mwenyewe, na goti lake ndilo litakalosema.

“Sataranji na muziki huongeza akili ya hisabati”

Huu ni uongo mtamu, na hutolewa kwa nia njema na walimu wanaotetea vyama vyao. Mwaka 1993 lilichapishwa jaribio dogo lililoonyesha kwamba wanafunzi wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kufikiria maumbo, kwa muda wa dakika 10 hadi 15 tu, na kutokana na hapo ikaenea imani kwamba muziki huwapa watoto akili. Sataranji nayo ilipimwa nchini Uingereza kwa jaribio kubwa katika shule za msingi 100, na ripoti iliyotoka mwaka 2016 haikuona tofauti katika alama za hisabati mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha.

Hasara ya kuahidi alama ni kwamba zisipopanda, chama hufungwa. Muziki unafundisha muziki, na pamoja nao unafundisha kumsikiliza aliye kando yako ili sauti zenu zikutane. Sataranji inamfundisha mtoto kukaa kimya mbele ya kosa lake mwenyewe na kutafuta hatua inayofuata. Nayaona hayo kuwa sababu tosha za kuvitunza vyama hivyo.

“Bila vifaa vya gharama haiwezekani”

Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, na mwalimu James Naismith aliyekuwa na darasa la vijana waliochoshwa na majira ya baridi ndani ya ukumbi. Alitumia mpira wa miguu, vikapu viwili vya matunda vilivyopigiliwa kwenye roshani, na kanuni 13. Mjadala unahitaji mada na saa ya ukutani, na klabu ya kusoma inahitaji nakala chache zinazopokezanwa. Kinachokosekana katika shule nyingi ni mtu mzima mwenye nafasi katika zamu yake ya kazi, na hilo huamuliwa na uongozi bila kusubiri vifaa.

Ipo pia ile dhana ya kwamba ushonaji ni wa wasichana na ufundi wa mbao ni wa wavulana. Haihitaji maneno mengi. Wote wanaishi mbali na nyumbani, vifungo vya wote hukatika, na vitanda vya wote hulegea misumari.

“Akishachagua, asibadilishe”

Mwanafunzi mgeni huletewa orodha siku ya pili au ya tatu, akiwa hajui hata njia ya kwenda maktaba, naye huandika jina lake pale alipoandika jirani yake wa kitanda. Kumfunga kwa uchaguzi huo mwaka mzima hakumjengi uvumilivu. Utaratibu niliouona ukifaa ni kuwapa wageni wiki nne za kuonja chama chochote bila kuandikishwa, kisha kuwataka wachague kimoja au viwili na kubaki navyo hadi mwisho wa muhula, kwa sababu kuacha kila jambo linapoanza kuwa gumu nako kuna madhara yake.

Mzazi aliye mbali huenda akadhani kwamba katika haya yote hana nafasi. Anayo, tena kubwa, katika dakika chache za simu au siku ya kutembelea. Wazazi wengi huzimaliza kwa kuuliza mtihani ulikuwaje. Mzazi na aulize pia mwanawe anakaa karibu na nani kwenye mazoezi ya kwaya, ni nani aliyemfundisha kushika rungu, au ni kitu gani alichokipanda bustanini na kama kimeota. Mtoto asiyekuwa na jibu hata la swali moja kati ya hayo, muhula ukiwa katikati, anahitaji mlezi wake wa bweni apigiwe simu siku hiyohiyo.